Pengo

Bi. Perpetua Kilindo aliishusha saa mezani kwangu
imefungwa kwa kanga, mafundo mawili.
"Fundi," akasema, "tangu mzee azikwe
hii saa inarudi nyuma."

Hakucheka. Nami sikucheka.
Hapa Gerezani tumeletewa mengi,
feni inayolia kama mbuzi,
redio iliyogoma kuzimika siku ya msiba,
lakini saa inayorudi nyuma ilikuwa ya kwanza.

Nikaichomeka. Kimya.
Nikazungusha kitufe cha mgongoni kwa kidole, kulia:
ikaenda.
Nikaisimamisha, nikazungusha kushoto:
ikaenda vilevile, kinyumenyume, bila aibu,
saa nne, saa tatu, saa mbili,
kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani.

Hakuna jini, mama.
Hii haina moyo wake. Haina timazi, haina springi.
Inachofuata ni umeme tu,
ile mipigo hamsini ya kila sekunde
inayotoka kwenye maji ya Kidatu mpaka ukutani kwako Upanga.
Umeme ukikatika, inalala. Ukirudi, haiamki
hadi mtu aisukume.
Na ukishaisukuma haiulizi swali,
inakwenda huko huko ulikoielekeza.

Akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
"Miaka thelathini na minne," akasema,
"umeme unakatika, umeme unarudi,
Gaudensi anainuka kitini, ananyoosha mkono juu ya kabati,
wala sikuwahi kumuuliza anafanya nini."

Ndani kulikuwa na ugonjwa mwingine:
gia ya fiba, rangi ya chai iliyopoa,
meno sitini, yaliyobaki hamsini na saba.
Nilizunguka Kariakoo asubuhi nzima
kuanzia Mchikichi hadi Mkunguni
wakinionyesha saa za betri, za plastiki, elfu nane.
"Chukua hii, hiyo tupa."
Tupa ninayo, nikawajibu, ndiyo inayonilisha.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Wahenga hawakuwa na mpini wa pasi iliyoungua.
Nikaukata, nikapata kisahani kama shilingi,
nikaazima mashine ya kukereza ya Mzee Chambuso
kwa vitumbua sita na kumsikiliza habari za goti lake.
Kisha meno, moja moja,
lenzi jichoni, pumzi nimeibana.
Gia ya kwanza iliharibika kwenye jino la arobaini na mbili,
lori la vyuma chakavu lilipiga honi.
Ya pili ilitoka na meno sitini na moja.
Usiniulize.
Ya tatu ikakaa, ikauma wenzake kidogo,
ikazoea.

Alipokuja kuichukua nikamwambia:
naweza kukuongezea kijino cha shaba, hapa,
kitakachoizuia isirudi nyuma tena kamwe.
Dakika ishirini. Bure.
Akaitazama saa. Akautazama mkono wangu.
"Acha," akasema. "Nionyeshe upande tu."
Nikamwongoza kidole mpaka kwenye kitufe.
"Huku?"
Huku.
"Na huku?"
Huko siko, mama.
Akajaribu mara nne, huku na huko,
uso wake ukiwa mbali nami,
kisha akafunga kanga, mafundo mawili.

Ijumaa, saa kumi na dakika chache,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Misumeno ikashusha sauti, vinoleo vikashusha,
tukabaki tunapigiana kelele kwa mazoea
wakati hakuna tena cha kushindana nacho.
Uliporudi, kila kitu kilinguruma chenyewe.
Mimi nilisimama na tupa mkononi.
Upanga nako, nadhani, umerudi.
Kuna kidole juu ya kabati.
Upande gani, sijui.